Ubao wa Saa Kumi

Kwanza ubao.
Nimeusugua kwa chumvi na nusu limau,
nimeupaka mafuta ya jozi kwa kidole.
Ni mti wa cheri, ulioangushwa na theluji
mwaka aliozaliwa Vigil. Baba aliuranda mwenyewe.
Pembeni una duara jeusi, alama ya sufuria ya moto.
Nilimsingizia Vigil. Akachapwa, akanyamaza.
Miaka hamsini na mmoja naisugua alama ile.

Anakuja leo. Alipiga simu akasema maneno sita,
niliyahesabu: Nitapita Jumamosi saa kumi. Kama upo.
Kama nipo!
Nitakuwa wapi mimi, na kuku kumi na wawili,
na goti hili lisilotaka kupanda wala kushuka?

Miaka tisa tangu tutupiane maneno kwa wakili
kwa ajili ya safu nne za mitufaha
ambayo sasa imezeeka, haizai ila majani.

Paja la nguruwe nimelitungua darini.
Limekula moshi wa mreteni tangu Novemba,
nje jeusi kama kiatu, ndani jekundu.
Mama alisema kipande kinene ni uvivu,
kipande chembamba ni heshima:
ukikiinua dirishani, uone mlima ng'ambo yake.
Vigil anapenda vinene.
Nakata vinene. Nasita. Nakata vyembamba.
Naweka vyote, nisije nikaambiwa nimechagua.

Jibini la kijivu linanuka soksi za mpanda milima;
nimelitenga na wenzake
kama mjomba mlevi harusini.
Matango ya siki. Jemu ya aprikoti.
Mkate mkavu wa kisibiti, unaovunjika kama kigae,
maana hapa Venosta mkate ulioki­mya hauaminiki.

Binti wa jirani yangu Kreszenz, yule wa Milano,
huviringa nyama ikawa waridi,
huizungushia tini, zabibu, lozi, majani yasiyoliwa,
kisha hupiga picha mpaka jibini linatoka jasho.
Nimejaribu waridi moja.
Likafunguka kama kabichi.
Nikalila, nimesimama, bila shahidi.

Figili kali naiparua mwisho.
Machozi yananitiririka mpaka kidevuni,
naishukuru figili: sasa nina sababu.

Limebaki lile duara.
Naliwekea bakuli la jemu; linaenea sawasawa,
kana kwamba mfinyanzi alikuja kupima.
Nikarudi nyuma kutazama. Ubao mzuri. Ubao msafi.
Ubao wa mwongo.
Nikaliondoa bakuli, nikapaacha wazi.

Saa kumi na dakika tatu, buti kizingitini.
Amenenepa. Nywele zimemhama.
Hakunisalimu, wala mimi; tuliusalimu ubao.
"Kumbe bado upo," akasema,
nami sikujua anasema nani.

Akatia mkono kotini, akatoa soseji mbili
zilizofungwa kwenye gazeti la wiki iliyopita,
akazilaza juu ya duara
bila kulitazama, au alilitazama, sijui,
figili ilikuwa bado machoni.
"Nimezitengeneza mwenyewe. Chumvi kidogo mno."
Nikaonja. Kweli, hazikuwa na chumvi.
"Ziko sawa," nikasema.

Tukala. Kuku wakapiga kelele kwa jambo lao.
Alikula vyembamba, vyote,
vinene akaniachia mimi.

"Vigil," nikasema, "ile sufuria..."

"Najua," akasema, akitafuna,
akafuta kisu kwenye suruali kama Baba.
"Nipe figili."

Nikamsogezea bakuli zima.